Picha ziko kwenye simu, makiliya wako wapi?



Wiki hii tunajibu ulizo moja lililotufikia kwa midomo mingi, kutoka Furu na Katwa hapa Butembo, na kutoka Matonge na Boikene kule Beni. Linasemwa hivi: "Walimu, mlituambia simu inaleta makiliya. Mimi naweka picha kila asubuhi, nanunua mega kila siku, na bado wanaokuja mezani kwangu ni majirani wale wale. Simu inatudanganya?"

Simu haidanganyi. Ila inafanya kazi tofauti na tunavyofikiri, na hakuna aliyekaa chini kutufundisha. Wengi tuliona mwenzetu anafanya, nasi tukafanya. Kwa hiyo leo tuifungue polepole, kama tunavyofungua somo jipya darasani.

Tuanze na statusi ya WhatsApp, kwani ndiyo inayotumiwa na wengi wetu. Picha unayoweka pale inakaa saa 24, kisha inafutika. Na haionwi na dunia nzima. Anaiona tu mtu ambaye wewe umeandika namba yake katika simu yako, na yeye pia ameandika namba yako katika simu yake. Mmoja akikosa kuandika, picha haipiti. Sasa chukua simu yako uangalie ni nani walioona picha ya jana. Utakuta dada yako, shemeji, watu wa kwaya, mwalimu wa mtoto, na mama mwenzako anayeuza kitu kile kile unachouza wewe. Wale watu kumi waliokununulia Siku ya Posho hawamo hata mmoja. Walilipa, walipokea bidhaa, wakaenda, na wewe hukuwauliza namba. Ndiyo maana kila asubuhi unawatangazia watu wa kwaya bei ya samaki.

Hata ile orodha ya kutuma, ambayo inakuruhusu kupeleka ujumbe mmoja kwa watu mpaka 256 kwa mara moja, inafuata kanuni hiyo. Ujumbe unamfikia yule tu aliyeandika namba yako. Wengine hawapati kitu, na wewe hupati habari kwamba hawakupata.

Basi kazi ya simu inaanzia mezani, wakati unarudisha chenji. Mtu amenunua, amefurahi, bado mnaongea. Hapo ndipo pa kusema: "Mama, andika namba yangu, samaki wa Kyavinyonge wakifika nikujulishe kabla hawajaisha." Usiishie kumpa namba kwenye kikaratasi, maana kikaratasi kinafungiwa maharagi. Ngoja aiandike mbele yako, akubipu, nawe uandike yake papo hapo. Dakika moja. Ukipata watu wanne kwa siku namna hiyo, siku 25 za kazi zinakupa watu 100, na wote wamekwisha kukununulia mara moja. Watu 100 wa namna hiyo wanapita watu 5.000 wa Facebook ambao hawajui hata Butembo iko upande gani.

Na hapa kuna jambo la kwetu sisi wenyewe, ambalo mtu wa Kinshasa hawezi kulijua. Majina yetu. Kila nyumba ina Masika, kila nyumba ina Kambale, Paluku na Kavira. Tulihesabu katika simu moja ya mwalimu mwenzetu: akina Kavira walikuwa kumi na mmoja. Mteja akiandika "Mama Kavira" amekupoteza. Baada ya wiki mbili hajui tena kama wewe ni Kavira wa kanisani, Kavira wa likelemba au Kavira wa mkate. Mwombe aandike kazi kwanza, kisha jina, kisha mahali: "Mkate Kavira Furu". Siku atakapotafuta mkate, ataandika "mkate" katika simu yake na jina lako litatoka.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo makiliya wengi wanapotuponyoka.

Mji wetu umejengwa na biashara, hilo halina ubishi. Wakubwa wetu walipokwenda kununua Dubai, Jakarta na Guangzhou, mizigo ikipita bandari ya Mombasa, ikavuka Uganda na kuingia kwa Kasindi, hawakuwa na benki ya kuwabeba. Walipeana pesa na bidhaa kwa kuaminiana. Mmoja alisafiri na oda za wengi. Mwenye depo alimpa mchuuzi mdogo mali, naye alilipa akishauza. Wasomi wameandika vitabu juu ya jambo hili. Vwakyanakazi Mukohya, katika kazi yake ya udaktari ya mwaka 1982, alichunguza wafanyabiashara wa Butembo kuanzia 1960 mpaka 1980. Tunayataja haya kwa sababu kijana mmoja wa simu alituambia kwamba "biashara ya mtandao ni dunia mpya". Si mpya sana. Mtu anayenunua kwa simu anafanya kile walichofanya wazee: anatoa pesa kabla ya kushika mali. Anachonunua kwanza ni neno lako.

Kwa hiyo tunasikitika tunapoona dada mshonaji, mwenye mikono mizuri kabisa, anaweka kila siku picha za marinda zilizochukuliwa Lagos na Abidjan. Mteja anaipenda, analeta kikwembe chake cha yadi 6, analeta na avansi. Rinda la Lagos lina kitambaa kingine, lina mavazi ya ndani ya kulisimamisha, na limevaliwa na mwanamke aliyechaguliwa ili apigwe picha. Siku ya ndoa asubuhi mteja anavaa, anajiangalia kwenye kioo, na kelele zinaanza. Kumbe rinda limeshonwa vizuri! Tatizo ni kwamba aliahidiwa lingine. Mteja huyo hatarudi, na watu wote waliokuwa kwenye ndoa wamesikia.

Weka kazi ya mikono yako. Ukuta wa ateliye umechubuka? Hakuna neno, tundika kikwembe safi nyuma. Piga picha asubuhi karibu na mlango, mwanga ukiwa upande wako na si nyuma ya bidhaa, na ufute kioo cha kamera kwanza, maana kwa wengi wetu kimejaa mafuta ya mawese. Kama ukubwa wa kitu haueleweki, weka kando yake kitu ambacho kila mtu anakijua: kipande cha sabuni, chupa ya bia tupu, bidoni la lita 20. Mama mmoja wa ushirika wetu anayeuza mikeka haweki mkeka peke yake hata siku moja. Anakalisha juu yake sufuria na sahani sita, kama watu wanataka kula. Anasema wateja hawamuulizi tena ukubwa.

Na uonyeshe kazi inavyokwenda, si mwisho wake tu. Unga ukiwa mbichi, mkate ukiingia katika tanuru, mkate ukitoka. Samaki akisafishwa. Mtu akiona usafi wako kwa macho yake, hatauliza mengi. Ila usiweke picha 20 kwa siku. Zikizidi tatu au nne mtu anaruka zote, na mega zake pia zinakwisha. Tumekwisha kuwasikia watu wakisema, "Yule mama anakula mega zangu."

Juu ya bei tuna maneno makali kidogo, mtusamehe. Ile desturi ya kuandika "bei tuongee pembeni" inawafukuza watu. Tunajua sababu zake: wengine wanaogopa jirani mwenye butiki asione bei yao, wengine wanataka kumpima mteja kwanza. Lakini mama mwenye franka 10.000 mkononi haoni haya kukuuliza bei mezani, kwa kuwa akishindwa anapita tu. Kwa simu anaona haya. Anafikiri kwamba akiuliza lazima anunue. Anaacha. Andika bei, na kwa kuwa dola na franka hazilali mahali pamoja, andika na tarehe: "Franka hizi ni za wiki hii." Anayetaka kubisha bei atabisha tu, ni Butembo hapa.

Maneno yenyewe yawe machache. Kitu gani, bei gani, unapatikana wapi, mpaka saa ngapi. Mtoto wa mwaka wa tatu wa msingi aweze kuisoma bila kusimama. Mahali pa duka pasiwe "kartie fulani, avenue fulani", maana wengi hatujui majina ya avenue zetu wenyewe. Sema "ng'ambo ya kanisa, mlango wa bluu, karibu na mama wa makala". Na kwa wale ambao kusoma kunawasumbua, au ambao macho yamechoka, tuma sauti. Sauti fupi, nusu dakika, kwa Kinande kama mteja ni bibi wa Lubero, kwa Kiswahili kama ni mtu wa Beni mjini, kwa Kifaransa kama ni mtumishi wa serikali. Tangu mwanzo wa 2025, ofisi za jimbo zilipohamia Beni baada ya Goma kuanguka, mji ule umepokea watu wengi ambao hawajui meza ya nani iko wapi. Hao hawana jirani wa kumuuliza. Wanauliza simu. Mwenye kuwapikia chakula cha mchana, akitangaza chakula chake kabla ya saa nne asubuhi, amewakuta kabla njaa haijawapeleka kwingine.

Vikundi vya WhatsApp navyo. Wandugu, kikundi cha matanga ni cha matanga. Watu wanachanga pesa za jeneza, katikati inaingia picha ya meshi za nywele na maandishi "mzigo mpya umefika". Tumeona hayo kwa macho yetu. Na sisi wenye chaki tunaomba hasa kwa kikundi cha wazazi wa darasa: kiliundwa ili mzazi ajue mtihani ni lini. Kikijaa viatu na pafyumu, wazazi wanazima sauti, na siku shule inatangaza kwamba watoto wabaki nyumbani kwa sababu ya usalama, hawasikii. Kama unataka kuuza katika kikundi, omba ruhusa kwa anayekiongoza, au ingia katika kile kilichoundwa kwa ajili ya kuuza. Viko vingi hapa mjini.

Facebook na TikTok tutazipitia haraka. Zinafaa kwa anayeuza kitu ambacho mtu wa mbali anaweza kukihitaji: kikwembe, kahawa, vikapu, marinda. Kwa mkate na sombe zinaleta laiki tu, na laiki ya mtu wa Kinshasa haili mkate wa Furu. Wanaonunua Kampala nao wakumbuke kwamba serikali ya Uganda ilifunga Facebook mwezi wa kwanza wa 2021, kabla ya uchaguzi, na miaka ikapita bila kuifungua. Usimwambie muuzaji wako wa kule "angalia Facebook yangu" halafu ushangae hajibu. Na wale vijana wanaokuja kuuza "wafuasi 1.000 kwa dola tano", waacheni na wafuasi wao.

Sasa jambo ambalo tungependa lisomwe kwa sauti nyumbani.

Sisi tunaishi Kivu ya Kaskazini. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko katika hali ya dharura, chini ya utawala wa wanajeshi. Barabara ya Beni kwenda Kasindi imekwisha kumwaga damu ya wasafiri na kuchoma magari. Na katika hali hiyo hiyo tunaona mama anaandika kwenye statusi: "Kesho alfajiri naingia Kasindi kuchukua mzigo, mwenye oda alete pesa leo." Soma tena maneno hayo kwa macho ya mtu mbaya. Amejua siku, saa, njia, na kwamba una pesa za watu. Statusi yako inaonwa na watu mia mbili, na hujui simu ya kila mmoja inashikwa na nani usiku.

Safari haitangazwi kabla. Oda pokea wiki nzima, kwa mtu mmoja mmoja. Tangaza wakati mzigo uko ndani ya butiki na wewe umekwisha kuoga. Usionyeshe depo ilivyojaa na mlango wake ulivyo, onyesha vipande vitatu vya mbele. Pesa usizipige picha hata kidogo, hata za likelemba, hata kama ni furaha ya kugawana mwisho wa mwaka katika AVEC. Mnapogawana mnaimba na mnacheza, hiyo picheni. Sanduku lisionekane. Kabla ya kutuma, angalia nyuma ya bidhaa kuna nini: kizuizi cha barabara, askari, namba ya nyumba, mtoto aliyevaa sare ya shule. Mtoto hasa. Tunaona watoto wazuri wamevalishwa nguo za kuuzwa, na nyuma jina la shule linasomeka vizuri. Mtu akijua sura yake, jina lake na shule yake, anaweza kumwambia "mama yako amenituma nikuchukue". Nguo ya mtoto inaweza kutundikwa kwenye kamba.

Na namba ya biashara isisambaze kila neno linaloingia. Wakati wa Ebola, kuanzia 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu 2.287 walikufa, na tuliona hapa Butembo uongo ukitembea kwa simu haraka kuliko motari. Mteja anayepokea kwako leo "tumeambiwa usiku wataingia" na kesho "sabuni imepungua bei" ataacha kuamini vyote viwili.

Ndani ya nyumba kuna shida nyingine, na wamama wameituambia kwa sauti ya chini. Simu inalia saa tatu usiku, ni mwanaume anaulizia bei ya mafuta. Baba anauliza: "Huyu ni nani?" Mama anajibu: "Ni kiliya." Baba ananyamaza, lakini hajanyamaza. Kwa wengine simu imevunjwa, na biashara imekufa pamoja nayo.

Ipo njia iliyosaidia baadhi yetu. WhatsApp Business ni programu ya bure, ilitoka mwaka 2018, na inaweza kukaa katika simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja ina namba yake. Namba moja ni ya ndugu na kanisa, ya pili ni ya kazi. Ile ya kazi ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei, na ina jibu la kujiandika lenyewe: "Tumefunga saa kumi na mbili jioni, tutakujibu kesho asubuhi. Wasingya." Baada ya saa hizo haijibiwi. Simu ya kazi ikae mezani, si chini ya mto. Mume akitaka kuona anaona, na aone pia daftari: leo simu imeleta watu wangapi, wameacha franka ngapi. Tumemsikia baba mmoja aliyekuwa mkali sana akisema siku moja, "Mama, simu yako imelia, jibu." Tulicheka, lakini alikuwa ameona daftari.

Kwa wababa tunaongeza neno moja la sheria. Kanuni ya Jamaa ya 1987 ilirekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke alilazimika kuwa nayo ili afanye mambo ya kisheria iliondolewa. Sheria inataka mkubaliane wote wawili. Kukubaliana ni kuketi na kuongea. Kuvunja simu ni kitu kingine.

Tuje kwenye pesa, maana mega si za bure. Tuseme unanunua mega za franka 500 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 ni franka 13.000. Tuseme kila mkate unakuachia franka 100. Basi lazima simu ilete watu wa kununua mikate 130 kwa mwezi, ambao wasingekuja bila simu, ndipo urudishe mega tu. Faida inaanzia mkate wa 131. Utajuaje? Muulize kila mgeni: "Mama, umetujulia wapi?" Akisema simu, andika S katika daftari. Akisema jirani au njia, andika J. Mwisho wa mwezi hesabu. Kuna aliyehesabu akakuta S ni 9 tu, akapunguza mega: sasa anafungua intaneti asubuhi na jioni, katikati anafunga. Mauzo hayakushuka. Kuna mwingine, wa saluni, aliyekuta nusu ya wageni wake ni S. Huyo tungemwambia aongeze. Kila kazi ina hesabu yake. Unite za simu tunazilipa kwa jasho, na hatujasahau ile kodi ya RAM iliyokuwa ikizila kimya kimya mpaka ilipofutwa mwaka 2022.

Malipo kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money yamerahisisha mengi, na yameleta wezi wao. Mtu anakutumia picha ya skrini inayoonyesha kwamba amelipa, anasema motari yuko mlangoni, fanya haraka. Picha inaweza kutengenezwa. Usitoe mali mpaka ujumbe wa kampuni ya simu umeingia kwako wewe, na umeangalia kama pesa zimeongezeka kweli. Mwingine anapiga simu anasema amekosea, amekutumia pesa, umrudishie. Mwambie asubiri, angalia akaunti yako kwanza. Namba ya siri haipewi mtu, hata akisema yeye ni wa kampuni, hata akijua jina lako lote. Na kwa mali inayokwenda mbali, Oicha au Lubero, chukua nusu ya bei kwanza, nusu akipokea, na umpe mteja jina na namba ya motari unayemjua, si wa kwanza aliyepita.

Mwisho, daftari la karatasi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi ambao Beni na Butembo hatukuruhusiwa kupiga siku ile, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp na Facebook zilianguka duniani kote kwa muda wa saa kama sita. Kuna aliyetuambia kwamba katika siku zile za Januari hakuuza chochote, kwa sababu namba zote zilikuwa ndani ya simu na yeye hakujua kwamba simu ya kawaida inaweza kufanya kazi bila mega. Kila jioni andika namba mpya kwa kalamu: jina, kazi, mahali, anachopenda kununua. Liweke ndani ya nguo za mtoto, si dukani.

Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, wamama walifika Lubero na Butembo na watoto mgongoni. Meza zao, mizani na magunia vilibaki kule. Mmoja aliyekuwa akipeleka maharagi Goma alitoka na daftari lake limefungwa kiunoni na kikwembe. Alipopata kona ya kukaa kwa ndugu, aliazima simu akaanza kupiga moja baada ya nyingine. Wengi hawakupatikana. Saba walikuwa wamekimbilia hapa hapa Butembo na Beni, na watatu kati yao walikuwa wanatafuta maharagi. Hao watatu ndio waliomwanzisha tena.

Wasio na simu kubwa wasijione wametupwa. Katika AVEC moja wamama watano wanatumia simu moja, inayoshikwa na binti aliyemaliza kidato cha sita. Kila asubuhi anapita mezani kwa kila mmoja kupiga picha, anaandika bei, jioni anawaletea oda. Wanachanga mega kwa zamu, na yeye wanampa sehemu ndogo ya kila oda. Walianza kwa kuandika kanuni zao kwenye ukurasa mmoja: nani anashika simu, nani anashika daftari, na kwamba pesa haipiti kwa binti bali inaingia moja kwa moja kwa mwenye mali.

Wiki ijayo tutajibu barua ya mama wa Vulamba: afanye nini na kiliya anayeandika kila siku "niletee, nitalipa mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi simu yake imezimwa.